Mzima Saa Nane

Nikwambie kwanza kuhusu mwandiko wake, maana ndio uliompa jina. Pale kituoni tulimwita Sajini Mwandiko, hata Mkuu wa kituo alimwita hivyo. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa kunyoosha kola kila anaposimama, na herufi zake zilikaa kwenye mstari utadhani zimepigwa chapa. Wakaguzi wakija kutoka makao makuu walifungua kitabu cha mahabusu wakatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kituo hiki kina watu," walisema. Basi Mkuu anavimba, sisi tunavimba, na kule chini mahabusu wanaendelea kukojoa kwenye ndoo.

Mimi nilikuwa konstebo tu, mwanamke peke yangu kwenye kaunta ile. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniita "binti yangu", na hakuwahi kunitania vibaya hata siku moja, jambo ambalo kwa wanaume wa kituo kile ni la kuandikwa ukutani. Kwa hiyo ninapomsema, sielezi adui. Namwelezea mtu niliyempenda kama baba mdogo, na hasira yangu nyingi si kwake.

Kitabu cha mahabusu kilikuwa hivi: kila anayeingizwa ana mstari wake. Jina, kosa, nani kamleta, ana jeraha au hana. Baada ya hapo kuna visanduku vya saa: mbili, nne, sita, nane, kumi. Kila zinapofika saa hizo askari wa zamu anatakiwa kuchukua ufunguo, ashuke ngazi kumi na nne, afungue, awaangalie watu kwa macho yake, apande, aandike: mzima. Ufunguo ulikaa ofisini kwa Mkuu, na Mkuu hapendi kugongewa mlango. Ngazi zina giza na harufu ya kukutoa machozi. Na mkaguzi akikuta kisanduku kitupu, umekwisha, utakatwa likizo. Akikuta kisanduku kimejaa, hakuna aliyewahi kuuliza kimejazwaje.

Sasa wewe ungefanyaje? Sisi tulijaza mapema. Mtu akiletwa saa tatu asubuhi, anaandikiwa palepale mstari wake wote: nne mzima, sita mzima, nane mzima, kumi mzima. Tulimaliza siku nzima kwa dakika moja, tukakaa kunywa chai. Na kwenye jeraha tuliandika "hana" kabla hatujainua uso kumtazama. Nilikuta wakifanya hivyo, nikafanya hivyo. Sajini alinionyesha kwa nia njema kabisa, kama mtu anavyomwonyesha mwanawe njia ya mkato.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Wapelelezi wawili, mmoja tulimwita Kipara na mwenzake Mrefu, walimleta fundi baiskeli. Wengi tulimjua fundi yule. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili, na mimi mwenyewe alikuwa amenizibia pancha mara mbili. Walidai kanunua baiskeli ya wizi, wakataka awataje waliomuuzia. Sijui aliwataja au hakuwataja. Ninachojua ni kwamba walikaa naye kwenye gari lao kitambo kirefu kabla ya kumfikisha kaunta, na alipofika alikuwa ameinama upande, mkono umeshika mbavu. Haya nilielezwa na Sajini mwenyewe baadaye. Aliniambia, "Niliona, binti yangu. Niliona, na kalamu ilikuwa imeshaandika hana."

Saa saba na robo mama yake akaja. Mama wa fundi ni mshonaji, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alibeba chupa ya uji na kitambaa safi. Akamwambia Sajini, "Baba, naomba nimwone mwanangu."

"Kuonana ni Jumamosi, mama."

"Basi niambie tu anaendeleaje."

Na Sajini, kwa ule upole wake, akitaka kumfariji mzazi wa watu, akamgeuzia kitabu. Akaweka kidole kwenye mstari wa fundi. "Ona mwenyewe, mama. Saa nne mzima. Saa sita mzima. Saa nane mzima. Usiwe na wasiwasi."

Mama akasoma. Akainua macho akatazama saa ya ukutani, ile kubwa juu ya picha ya rais. Akashusha macho kwenye kitabu. "Lakini baba," akasema taratibu, "saa nane bado."

Sajini akafunika ukurasa kwa kiganja. Akacheka kidogo. Akamwambia kalamu imeteleza, aende nyumbani, uji wake utafikishwa. Mama akaondoka akigeuka nyuma.

Kule chini walikuwa wakigonga mlango. Mahabusu hugonga kila siku. Wanataka maji, wanataka sigara, wanataka tu kukuudhi. Ukikaa kaunta miaka miwili sikio lako linafanya sugu. Siku ile waligonga tangu mchana, na Sajini akaongeza sauti ya redio.

Mimi niliingia zamu saa kumi na moja na nusu jioni. Utaratibu unasema ushuke na anayetoka zamu, mhesabu vichwa pamoja, ndipo utie sahihi. Nikachukua kalamu nikaandika: nimepokea mahabusu saba, wote wazima. Nikatia sahihi. Halafu ndipo nikashuka, kwa kuwa nilitaka kuwapa maji.

Sita walisimama. Mmoja alikuwa ameegemezwa ukutani, na mwenzake kavua shati lake akamfunika. Nilimgusa shavu. Jamani, sitaki kuusema ule ubaridi. Mzee mmoja mwizi wa kuku aliniambia bila kelele, "Tumegonga, afande. Tumegonga mpaka mikono imevimba." Akanionyesha mikono.

Nilipanda zile ngazi sijui kwa miguu ya nani. Sajini alikuwa anavaa koti aende nyumbani. Nikamwambia. Alifungua kitabu, akatazama mstari, akakaa chini na koti mkono mmoja umeingia, mmoja bado.

Mkuu alikuja mbio, na hapo ndipo nilipojua kwa nini watu wengine wanapanda vyeo. Hakutetemeka hata kidogo. Maiti ikatolewa kwa mlango wa nyuma na kupelekwa hospitali, ikaandikwa mgonjwa amefia njiani. Mahabusu sita wakaachiwa asubuhi yake bila dhamana wala mashtaka, wakatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Na Sajini akaitwa ofisini, akapewa kitabu kipya kitupu.

"Nakili," Mkuu akamwambia. "Ukurasa kwa ukurasa, tangu mwanzo wa mwaka. Mwandiko ni wako, nani atajua? Ukifika kwa huyu fundi, andika aliletwa na wananchi wenye hasira, tayari kapigwa. Saa kumi akalalamika tumbo, tukamkimbiza hospitali. Tutaonekana hata tuna huruma."

Alinakili siku mbili. Nilimpelekea chai, nikamkuta kainama anaandika wezi wa mbuzi, walevi, mume aliyempiga mkewe, yote kwa zile herufi nzuri, na kwa kila mtu mzima, mzima, mzima. Alipofika kwenye mstari wa fundi alisimamisha kalamu. Chai ikapoa. Nikamwona anaandika.

"Afande," nikamwambia kwa sauti ndogo, "tufanyeje?"

"Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu," akanijibu. Hakunitazama.

Kitabu cha zamani nilipewa mimi. Mkuu alinikabidhi mkononi na kiberiti. "Nyuma kule, kwenye shimo la makaratasi. Na usikae kukisoma, wewe ni askari, si mwalimu." Nilikwenda. Mchana kweupe, jua kali, nikakitia shimoni. Jalada lilikuwa gumu, halikutaka kushika moto, ikabidi nichane kurasa moja moja. Ukurasa wa fundi niliuona. Majina ya Kipara na Mrefu yalikuwa pale kwenye aliyemleta, na sahihi yangu pale chini: wote wazima. Unataka nikwambie niliuficha ule ukurasa kwenye soksi? Sikuuficha. Niliutia motoni kabla ya nyingine.

Mama wa fundi hakunyamaza. Mtu aliyeshona maisha yake yote anajua uzi ulipokatika. Alikwenda ofisi hii, akafukuzwa. Akaenda ile, akaambiwa arudi kesho. Miezi minne alitembea na maneno yaleyale: nilionyeshwa saa nane saa saba. Watu wakaanza kumwita Mama Saa Nane, wakimcheka, wengine wakisema huzuni imemgusa akili. Mwisho likaundwa jopo la watu watatu, wakakaa kwenye ukumbi wa mahakama kusikiliza.

Wiki ile mke wa Sajini alikuja kaunta. Mwanamke mnene, mcheshi siku zote, siku hiyo hakuwa na kicheko. Akanivuta pembeni. "Mwanangu, wewe anakusikiliza. Usiku halali. Anasema atasimama aseme. Mwambie atutazame na sisi. Nyumba ni ya serikali, pensheni ndiyo hiyo tunayoingojea. Yule kijana hatafufuka."

"Shangazi, nitamwambia," nikasema. Na nilimwambia. Mungu anisamehe, nilimwambia maneno yale yale ya mkewe, na nikaongeza ya kwangu: maji yakimwagika hayazoleki.

Sajini akanyoosha kola. "Ni kweli hayazoleki," akasema. "Lakini yule mama wanamwambia hayakumwagika."

Siku ya jopo, daktari alisema kwanza. Alisema marehemu alivuja damu ndani, polepole, kwa saa nyingi. Mmoja wa jopo akauliza, angefikishwa hospitali saa nane? Daktari akafikiri. Akasema, kwa kadiri anavyoona, huenda angepona. Sajini alikuwa amekaa mbele yangu. Niliiona shingo yake ikilowa jasho.

Halafu mama akaitwa, na wakili wetu akainuka. Kitabu kipya kilikuwa mkononi mwake.

"Mama, miwani hiyo ulikuwa nayo siku hiyo?"

"Nilikuwa nayo."

"Imefungwa uzi. Unaona vizuri kweli?"

"Natunga sindano nayo."

Watu wakacheka kidogo. Wakili akamsogezea kitabu. "Basi tuonyeshe. Mstari wa mwanao huu hapa. Saa kumi, kapelekwa hospitali. Mtu aliyeandika mbele ya wakati angejuaje saa saba kwamba saa kumi mwanao ataumwa tumbo?"

Mama akainama akasoma, kidole chake kikifuata herufi. Akarudia kusoma. "Mwandiko ni ule," akasema. "Kitabu sicho."

"Mwandiko ni ule ila kitabu sicho!" Wakili akageukia watu, mikono kaifungua. Mkuu akacheka. Kipara na Mrefu wakacheka. Na mimi, nisikilize vizuri, na mimi nikacheka, kwa kuwa safu nzima ya askari ilikuwa inacheka na sikutaka kuonekana peke yangu. Mama alisimama pale katikati na miwani yake, anatutazama mmoja mmoja. Akarudisha macho kwenye kitabu. Nadhani ni hapo alipoanza kujishuku mwenyewe.

Sajini akasimama. Hakuitwa na mtu. "Mama hakukosea," akasema.

Mkuu akamwambia, "Kaa chini!"

"Mama hakukosea," akarudia, na sauti ilikuwa inamkatika. "Nilimwonyesha mimi. Saa nane niliiandika saa tatu asubuhi. Nimeandika hivyo miaka ishirini na sita. Sikushuka. Walikuwa wanagonga, nikaongeza redio." Akawataja Kipara na Mrefu kwa majina yao yote mawili. Akasema kitabu hicho amekiandika yeye kwa siku mbili, ofisini kwa Mkuu.

Mwenyekiti wa jopo akauliza, "Na kile cha kwanza kiko wapi?"

"Kilichomwa."

"Na nani?"

Hakugeuka kunitazama, na afadhali angegeuka. "Uovu wangu mimi nimeusema," akajibu. "Mwenye huo atausema mwenyewe."

Mwenyekiti akazungusha macho ukumbini. "Yupo mwenye kujua?" Akangoja. Aliniachia nafasi ya kutosha kabisa, siwezi kusema sikupewa nafasi. Nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Basi yakawa kama yanavyokuwa. Neno la mtu mmoja dhidi ya watatu, na kitabu hakipo. Kipara na Mrefu wakahamishiwa kituo kingine. Mkuu naye akahamishwa, kwenye kituo kikubwa zaidi, eti kwa uzoefu wake. Aliyekiri ndiye aliyeshikwa. Sajini akafungwa miaka miwili kwa kughushi na kwa uzembe, pensheni ikaenda na maji, mkewe akatoa vyombo kwenye nyumba ya serikali. Kwenye ripoti, ukurasa wa mwisho kabisa, waliandika kwamba mama wa marehemu alisema kweli. Nasikia alikata kipande hicho akakitia kwenye fremu.

Mimi je? Nilipandishwa cheo. Nikapewa kaunta.

Sajini alitoka mwezi wa tatu mwaka huu. Nilijivuta wiki mbili ndipo nikaenda. Wanakaa chumba kimoja na ua, nyuma ya duka la mbao. Mkewe alinikaribisha, akanipa kigoda, akaninong'oneza kabla mumewe hajaja: "Usishtuke. Ana kawaida yake siku hizi. Saa mbili, saa nne, saa sita, anazunguka ua mzima. Anagonga kila mlango wa mpangaji. Wengine walimtukana mwanzoni, sasa wameshamzoea."

Akatokea. Amekonda, mvi zimejaa, kola kainyoosha. Tulizungumza mambo ya hewani, mvua, bei za mbao. Ikafika saa sita. Akainuka, akagonga mlango wa jirani. "Mama Pacha, uko mzima?" Akangoja hadi akajibiwa. Akaenda mlango wa pili, akauliza, akangoja. Akamaliza ua wote. Mwisho akaja kusimama mbele yangu.

"Na wewe, binti yangu. Uko mzima?"

Na akangoja. Mimi niliyezoea kuandika jibu kabla ya swali, nikalia, nikalia kilio cha kijinga, kamasi na yote, na cheo changu begani.

"Kitabu nilikichoma mimi," nikamwambia.

"Najua. Nilikuwa dirishani."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja ungekana, kisha ungepata sababu ya kunichukia ukalala usingizi." Akakaa. "Mimi sikutaka ulale."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Nilimkasirikia njia nzima, nikamtukana kimoyomoyo, mzee mkatili we. Lakini miguu haikwenda kwangu. Ilikwenda mtaa wa pili, nikapita kibanda cha fundi ambacho sasa wanauza vocha, nikagonga mlango wa mshonaji.

Mama alinifungulia na futi ya kupimia shingoni. Sare yangu akaitazama, uso wangu akautazama. "Wewe ulicheka siku ile," akasema.

"Nilicheka, mama."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia nikae. Sahihi. Shavu. Mikono ya mzee mwizi wa kuku. Shimo, kiberiti, ukurasa nilioutanguliza. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Majina ya wale wawili, na aliyekupa kiberiti. Utayasema mbele ya watu?"

Nikafikiria cheo. Nikafikiria wanangu wawili na ada zao, na jela, na nyumba ya serikali. Nisikudanganye, nilifikiria muda mrefu, na yeye akaningoja kama mwenyekiti alivyoningoja.

"Nitayasema."

"Kesho utakuwa umebadili nia. Andika sasa." Akatoa daftari kwenye mtoto wa meza. Lilikuwa la mwanawe, limechafuka grisi, kurasa za mbele zimeandikwa baiskeli za wateja na lini watazifuata. Akafunua ukurasa mtupu, akaniwekea kalamu.

Niliandika nusu saa. Mwandiko ulikuwa mbaya, mistari inapanda na kushuka. Nilipofika mwisho nikatia sahihi, nikaandika tarehe na saa: saa nane kamili. Nilitaka tu iwe namba nzima, nadhifu.

Mama akavaa miwani. Akasoma mpaka chini. Kisha akainua macho akatazama saa yake ya ukutani, na mimi nikaitazama. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini.

Akanirudishia kalamu. "Kata," akasema. "Andika ya kweli."